Gari lilikuwa linalia "tak" tu, haliwaki: nilivyolitatua

Ukizungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka vizuri, stata inalia "tak" moja na kunyamaza. Tukilisukuma linawaka, kwa hiyo mafuta na plagi sikuzigusa. Nilichaji betri, nikasafisha vichwa vyake kwa maji ya moto, nikabusti kwa gari la jirani. Wapi!

Kilichonitoa ni mita ya kupimia volti. Betri ilisoma volti 12.6, nzima. Nikagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, gia ikiwa huru, kijana akapiga stata. Hapo inatakiwa kusoma karibu na sifuri. Yangu ilipita volti 3. Umeme ulikuwa unakwama kwenye waya wa ethi, ule mnene wa kutoka betri hadi injini.

Kwa nje waya ulikuwa safi, ndiyo maana hakuna aliyeushuku. Nikachomoa hasi ya betri kwanza, nikafungua bolti upande wa injini: chini ya pete ya waya kumejaa kutu na oili iliyoganda. Nikapiga msasa pete na pale inapokaa hadi vikang'aa, nikakaza, kisha grisi juu. Sasa nikizungusha ufunguo mara moja tu, stata inazunguka.