Nilivyopata nyumba ambayo haikutangazwa

Nilipokuwa natafuta nyumba ya kupanga, ushauri niliopewa ni uleule: "Ongeza bajeti, au hamia pembezoni." Lakini ukihamia mbali, unachookoa kwenye kodi unakirudisha kwenye nauli, na usingizi juu. Nikaachana na matangazo, maana kila nyumba inayotangazwa ina foleni mlangoni. Nikaanza kuwinda zilizofungwa.

Na zipo. Japani peke yake, hesabu ya serikali ya 2023 ilikuta nyumba tupu kama milioni 9. Jiji la Vancouver, Kanada, walichoka nazo mpaka wakaanza kuwatoza wenye nyumba hizo ushuru maalumu mwaka 2017. Nikajiambia, hata mtaani ninakopita kila siku hazikosekani.

Kujua kama nyumba ni tupu kweli, pazia lisilofunguliwa halitoshi, watu husafiri. Mimi nilichomeka kikaratasi kwenye upenyo wa geti. Nikapita baada ya siku kadhaa, kipo palepale. Mita ya umeme iko ukutani nje: namba zilezile. Ujanja huo sikufundishwa na mtu.

Kazi ikawa kumpata mwenyewe. Niliandika barua nzuri kweli, kwa mwandiko wa kuombea kazi, nikaipenyeza chini ya mlango. Kimya. Nikaandika nyingine, yenye heshima zaidi. Kimya. Nikaongeza ya tatu, namba ya simu nimeikoleza kwa wino mwekundu. Mwishowe nikachungulia kwenye tundu la ufunguo: barua zangu zote zimejipanga sakafuni juu ya bili zilizopauka. Muda wote huo nilikuwa naiandikia nyumba!

Bibi wa jirani akacheka weee. "Wenyewe ni ndugu, mwanangu. Baba yao alifariki, mirathi haijaisha." Akanipa namba ya kaka mkubwa. Kumbe hawakuwa na tamaa ya bei. Paa lilivuja, na waliogopa mpangaji ambaye hatatoka siku wakiuza. Nikawaambia: natengeneza paa, gharama tunakata kwenye kodi, tarehe ya kutoka iandikwe. Kabla fundi hajapanda nilipiga picha kila doa la dari.

Hakikisheni warithi wote wanasaini. Aliyerukwa ndiye atakayekuja na kufuli lake.

Paa lilimeza kama kodi ya nusu mwaka. Aliyekawia kusaini ni dada mdogo: alitaka mti wa uani usikatwe. Tukauingiza kwenye mkataba, kifungu chake peke yake.