Siku moja kwenye benchi la seremala, Keko, Dar es Salaam

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua banda. Keko ya saa hizo ni vumbi na ufagio, kila mtu anatoa maranda ya jana. Wanaopita barabarani wanaangalia makochi na vitanda vilivyokwisha pigwa vanishi. Benchi vilikotoka hawalitupii jicho, na ukiwaambia fundi anafanya nini watakutajia msumeno na randa. Nusu ya kazi yangu ni kuizuia mbao isitembee.

Mpaka saa tatu nimepima, nimechora, nimekata. Chai na chapati.

Saa tatu na robo umeme ukakatika. Mbele yangu kuna mlango wa mkongo, mbao ngumu, mwenyewe anautaka leo jioni, na matundu ya ndimi, zile ncha za mbao zinazoingia tunduni kufanya kiungo, hayajatobolewa hata moja. Mashine ikinyamaza, inabaki patasi. Na patasi kwenye mkongo si mchezo: ukipiga, mbao inaruka au inateleza, utahitaji mtu wa kuikalia. Zamani ndivyo tulivyofanya, dogo anakaa juu ya mbao kutwa nzima. Siku hizi dogo anafanya kazi yake, mbao inashikwa na vibanio viwili vya chuma.

Kibanio chenyewe ni fito la chuma lililokunjwa juu kama bakora, mwisho wake umepondwa ukawa bapa. Benchi lina matundu. Unatumbukiza fito kwenye tundu, ule mwisho bapa unakaa juu ya mbao, unagonga kichwani pigo moja, mawili. Fito linainama kidogo: juu linaegemea ukingo mmoja wa tundu, chini linaegemea ukingo wa upande wa pili, basi, limekwama. Ukitaka kufungua, gonga mgongoni mara moja. Hakuna kuzungusha skrubu, hakuna kuita mtu.

Jiliwa la dukani, lile linalobana mbao kwa skrubu, bei yake naijua, ndiyo maana sina. Vibanio hivi nilifuliwa na mhunzi wa Gerezani, na kabla hajawasha moto tulibishana. Alitaka kunipa nondo, nikakataa. Ile mistari ya nondo inatafuna tundu mpaka linakuwa pana na kibanio hakishiki tena. Nikataka chuma laini cha duara, milimita 16, na tundu nikalitoboa kwa keekee ya 18. Milimita 2 za nafasi zinatosha. Likibana sana haliinami, likilegea mno linalala. Vile vya bei rahisi vya chuma cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu, navyo siviamini, maana havina mnyumbuko, kuna siku utagonga kichwa kibaki mkononi. Cha kufuliwa kikipinda unakirudisha motoni.

Na benchi liwe nene. Langu ni mkaratusi wa inchi 3. Jirani yangu alinunua vibanio vizurivizuri akavitia kwenye ubao wa inchi 1, akaja kulalamika kwamba vinachomoka. Nikamwambia apigilie vipande vya mbao chini ya kila tundu, aongeze unene. Akapiga, vikashika.

Sasa saa nne na kitu, naweka mbao kwenye ubavu wake juu kabisa ya mguu wa benchi, pale ambapo pigo linashuka hadi sakafuni bila benchi kurukaruka. Naweka kibao cha msonobari chini ya chuma kisiache kovu. Nagonga. Kinateleza. Nagonga tena, kinateleza. Nakitoa, nakishika: mafuta. Dogo alivipaka jana vyote viwili ili visishike kutu.

"Fundi, si ulisema chuma kinalindwa kwa mafuta?"

"Patasi, mwanangu. Hiki kazi yake ni kukwama."

Tukafuta kwa kitambaa, tukakwaruza kwa msasa namba 80, tukizungusha mkono kukata fito, si kulifuata urefu. Kikashika pigo la kwanza.

Mwenye mlango akafika tundu la tatu likiwa nusu. Akavuta kiti. Mteja akivuta kiti ujue siku imeisha.

"Mbona unagonga meza, fundi, huo mlango lini?"

Nikamweleza. Akatazama simu. Baada ya kidogo: "Kwani mashine huna?" Ipo, kaka, umeme haupo. "Mwenzako kule mbele ana jenereta." Nikaendelea kupiga. Alitaka kujua kwa nini nageuza mbao nikitoboa upande wa pili (ili tundu likutane katikati, lisipasue uso wa mbele), na kwa nini natumia kibao kilichokatwa pembe ya V nikipiga randa. Hicho kinabanwa na kibanio kimoja nyuma ya mbao, pembe yake inashika kona ya mbao, unageuza mbao bila kugonga chochote. Swali zuri kuliko yote aliyouliza, lakini jibu hakulisikiliza, alikuwa ameshapigiwa simu.

Chakula cha mchana nilikula nimesimama. Mabega yalikuwa yameanza kuuma tundu la tano, na joto la alasiri likizidi sijui kwa nini naona mkongo unazidi ugumu. Kunoa patasi, kupiga, kugeuza, kugonga mgongoni, kuhamisha, kugonga kichwani. Saa ngapi sikuangalia. Ndimi zikaingia, mbili zilikataa, nikazipunguza kwa patasi, tukatia gundi jua likiwa limeshuka nyuma ya mabati.

Yule kaka akarudi, akapitisha kidole kwenye viungo, akakosa pa kuingiza hata ukucha. Akanyamaza. Halafu:

"Sasa utanipunguzia, maana umeme wenyewe hukutumia."

Nikamwambia kwa kazi ya mkono nilipaswa kumwongezea. Akacheka, akalipa nusu. Iliyobaki kesho, nikishafunga bawaba.