Sikoseli haitoki kwa mama peke yake

Hapa Mombasa, uwe Majengo, Likoni ama Mji wa Kale, mtoto akipatikana na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wa kwanza kunyoshewa kidole ni mamake. Ati damu ya kwao ndio mbovu, ati mawifi walishasema tangu siku ya posa. Jamani hili jambo laniuma sana. Hakuna mtoto anaepata sikoseli ya SS, yani ile ya kurithi kosa kwa wazazi wote wawili, kwa mama peke yake, lazima babake nae awe ametoa nusu yake.

Iko hivi. Jeni inayotengeneza himoglobini, ile ya kubeba oksijeni kwenye damu, iko kwenye kromosomu ya 11 na kila mtu ana kopi mbili, moja kapewa na mama moja na baba. Kosa lenyewe ni herufi moja tu ya DNA, mahali pa A pamekaa T, basi himoglobini inabadilika na seli nyekundu zikipungukiwa na oksijeni zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndio yale maumivu ya mifupa ambayo mtoto analia mpaka asubuhi na hakuna cha kumtuliza.

Mwenye kopi zote mbili nzuri ni AA, mwenye zote mbili zenye kosa ni SS na huyo ndie mgonjwa, na mwenye kopi moja nzuri na moja yenye kosa ni AS. Huyo AS ni mzima, anacheza mpira, anazeeka, wala hajui kama amebeba kitu. AS wawili wakioana, kila mimba ina robo ya kutoka SS, nusu ya AS, na robo ya AA. Kila mimba, sio kila watoto wanne. Unaweza kuzaa SS watatu mfululizo na unaweza kuzaa sita usipate hata mmoja, mimba inayofuata haijui ile ya kwanza ilitoka vipi.

Sasa kinachowaponza wanawake ni hiki. Mume AS anamwacha mke AS, anaoa mwengine ambae ni AA, wanazaa watoto wazima wote, na mtaa mzima unasema si tuliwaambia, yule wa kwanza ndie alikuwa na ila. Kumbe kwa AS na AA hawezi kutoka SS kabisa, lakini kila mtoto ana nusu ya kuwa AS, yani yule baba anaendelea kuipitisha kimyakimya na miaka ishirini baadae wajukuu ndio watalia. Na kwa sisi tunaopenda kumuoza mtu kwa mtoto wa ammi yake, kama babu alikuwa AS basi wajukuu wawili wanaweza kuwa wameichukua wote kutoka kwake. Sisemi binamu wasioane, nasema wapimwe.

Jengine ni hili la jicho. Mtoto kazaliwa mnene, mzuri, miezi mitano sita vidole vya mikono na miguu vinavimba, basi ni hasadi ya jirani. Ukweli ni kwamba mtoto mchanga anazaliwa na himoglobini ya tumboni, himoglobini F, ambayo haina lile kosa, ikipungua ndio ugonjwa unajitokeza, alikuwa nao tangu siku ya kwanza. Hata dawa ya hidroksiurea inasaidia sana kwa sababu inaipandisha hio F tena.

Na kwa nini sisi wa pwani tunayo sana? Malaria. Mtafiti mmoja, Anthony Allison, alizunguka Kenya 1949 akipima damu, akakuta AS ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria ila kule milimani kwenye baridi karibu hakuna, na 1954 akaandika kwamba AS wana kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hivo kopi moja iliwaokoa mababu zetu, ndio maana imebaki. Lakini SS hana kinga hio, malaria kwake ni hatari kubwa mno, hapo neti sio mjadala.

Kama kuna nikaha inakuja kwenu pimeni wote wawili, bi harusi na bwana harusi. Na msiridhike na kile kipimo cha haraka cha sikling peke yake, kwa sababu kikitoka positivu hakikwambii kama ni AS ama SS, ulizeni elektroforesisi ya himoglobini, kile kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini, mpate herufi zenu kamili. Na kama mshaoana na wote ni AS, mtoto apimwe mapema kabla hajaumwa, maana akijulikana mapema anaanzishwa penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano na anapewa chanjo zake zote, na siku akichemka homa hata kama ni saa nane usiku mpelekeni hospitali hio hio saa, msingoje kukuche.