Nilivyoipata klorini ya kweli kwa Lassaigne

Ukitafuta elementi zilizomo kwenye kampaundi ya kaboni, kaboni na hidrojeni hazisumbui: pasha sampuli na oksidi nyeusi ya shaba, maji ya chokaa yatakuwa meupe, na salfeti ya shaba kavu itageuka buluu. Kazi iko kwenye naitrojeni, salfa na halojeni (klorini, bromini na ayodini). Zimeshikana na kaboni, haziachii ioni kwenye maji, kwa hiyo lazima uziyeyushe na sodiamu, kwa njia inayoitwa kwa jina la Mfaransa Lassaigne. Naitrojeni inakuwa sianidi, salfa salfaidi, klorini kloraidi.

Ninasimamia maabara ya sekondari hapa Dodoma. Kipande cha sodiamu, kidogo kuliko punje ya dengu, nakitoa kwenye mafuta ya taa, nakikausha kwa karatasi ya kuchujia, nakiyeyusha kwenye mrija mdogo hadi king'ae, ndipo natia sampuli. Mrija ukiwa mwekundu kabisa nautumbukiza kwenye bakuli la maji. Unapasuka kwa kishindo, na sodiamu iliyosalia inaweza kuwaka, kwa hiyo wanafunzi wakae mbali na miwani isivuliwe. Kisha nachemsha na kuchuja. Mchujo ukitoka na rangi ya kahawia, sampuli haikuungua vizuri. Ni bora kuanza upya.

Naitrojeni inapendeza kuitazama. Mchujo wa asetanilaidi, kampaundi yenye naitrojeni, ukiutia salfeti ya chuma, ukachemsha, kisha ukaongeza asidi ya salfuriki, uchafu wa kijani unatoweka na buluu nzito inabaki.

Lililonihangaisha ni klorini. Asetanilaidi haina klorini hata chembe, lakini nitrati ya fedha, inayoonyesha kloraidi, ilikuwa inaleta ukungu mweupe. Wanywaji wa maji ya Makutupora, visima vinavyoilisha Dodoma, wanajua ladha yake: yana chumvi, na kloraidi ya bombani hujibu sawasawa na ya sampuli. Nikaanza kukeneka maji mwenyewe na kuyatumia hata kusuuzia mirija. Pia kila kipindi nafanya jaribio tupu, yaani sodiamu, maji na karatasi ileile, bila sampuli. Hilo kwangu halirukwi.

Jaribio tupu likibaki angavu, nachukua mchujo wa sampuli, natia asidi ya naitriki na kuchemsha uani, nikisimama upande upepo unakotoka, kwa sababu sianidi inatoka kama gesi ya sumu. Isipoondoka, nayo italeta mashapo meupe na fedha. Baada ya hapo nitrati ya fedha inasema kweli: mashapo meupe yakiyeyuka kwenye amonia, ni klorini, ya njano yakigoma, ni ayodini.