Mjomba, Karasha na Ziwa Ngosi

Mwaka 2017 mjomba wangu alitaka kwenda Ziwa Ngosi. Alikuwa amechimba dhahabu Chunya tangu ujana, na kila alipokwenda kwao Tukuyu alipita Isongole, chini ya mlima wenye ziwa hilo, asishuke kwenye gari. “Nilikuwa na haraka ya kutajirika,” alisema. Tukakubaliana nimfuate Makongolosi, ila kwanza anipitishe kwake.

“Kwake” ilikuwa ni kila penye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alinieleza kazi yote huku akipiga kelele kuushinda mlio wa mashine: mawe yakishasagwa, unga wake humwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa mataulo makuukuu. Dhahabu ni nzito, hunasa kwenye nyuzi; mchanga hushuka na maji. Taulo hukung’utwa kwenye karai, hutiwa zebaki ikamate chembe, hukamuliwa kwa kitambaa, kisha donge linalobaki huchomwa zebaki iondoke kwa moshi. Kijana mmoja alikuwa akichoma hadharani, hata pua hakuziba. Mjomba akanivuta nisimame kule upepo unakotokea. Yeye hakusogea.

Chunya mjini hatukukaa. Dhahabu ya Lupa, yaani ya huku huku Chunya, ilikuwa imewaleta Wazungu kwa mamia miaka ya 1930, na hata Mbeya ilianzishwa mwaka 1927 kwa ajili hiyo hiyo. Mgodi mkubwa wa Saza ulishafungwa zamani. Wachimbaji wadogo ndio waliobaki, na mjomba aliwajua karibu wote. Ukimfuata mtu wa namna hiyo mjini, chakula cha mchana utakila jioni.

Barabara ya kurudi Mbeya hupanda hadi baridi ikuume masikioni. Pale Kawetire, katikati ya misonobari, bonde la Usangu limelala chini kabisa. Mjomba alifunga kioo, akavaa koti juu ya koti.

Kesho yake tukapanda Ngosi na kijana wa kutuongoza. Njia ni tope, mianzi na migomba pori, na mwisho wake ni mkali, unashika mizizi. Halafu mlima unakatika ghafla, na ziwa liko chini yako ndani ya kreta, maji ya kijani, kuta zimesimama pande zote. Kijana alisema lina umbo la ramani ya Afrika. Mimi niliona kiazi.

Mjomba hakutazama maji kwa muda mrefu. Aliokota jiwe, akaligeuza, akalitemea mate, akalisugua kwa kidole.

“Hilo la volkano, mzee,” kijana akamwambia. “Huku hakuna dhahabu.”

“Ndiyo maana msitu umebaki.”

Kijana hakukubali. Msitu umebaki, alisema, kwa sababu ni hifadhi, na wazee wa Kisafwa wana matambiko yao humo, hawaruhusu mchezo. Mjomba akamuuliza kama aliwahi kuona tambiko likizuia dhahabu. Walibishana hivyo mpaka tukafika barabarani.