Lugalo, Kalenga, Mlambalasi: ziendeshe kwa mpangilio wa vita

Huko Ufaransa kuna njia ya baiskeli inaitwa La Loire à Vélo. Ina kama km 900, inafuata mto Loire mpaka baharini kwenye Atlantiki, na njiani ni makasri na miji ya zamani tu, unapita Orléans ambako Joan of Arc alipigana 1429, unakuja Chambord, kasri ambalo ujenzi wake ulianza 1519, alafu Amboise ambako Leonardo da Vinci alifariki mwaka huohuo wa 1519. Watu wanafunga mabegi kwenye kariya wanaenda wiki nzima, leo kasri, kesho shamba la zabibu, keshokutwa kanisa. Mimi hiyo njia naifuatilia sana, ramani zake na picha za watu waliopita, na kila nikiiangalia naiwaza Iringa, maana asee sisi tuna vita nzima imelala ardhini hapa, ina mwanzo, katikati na mwisho, na yote unaifikia kwa baiskeli.

Nasema vita ya Wahehe, chini ya chifu wao Mkwawa, na Wajerumani. Shuleni tulisoma mistari michache tu, Mkwawa shujaa, akajipiga risasi, basi tukaenda topiki nyingine. Lakini ukiiendesha kwa mpangilio, Lugalo 1891, Kalenga 1894, Mlambalasi 1898, kuna vitu mapaja yako yatakwambia ambavyo daftari halikuwahi kusema. Ndo maana kila anayeniuliza aanzie wapi kutembea Iringa kwa baiskeli namwambia usianze na Isimila, kule kwenye nguzo za udongo na zana za mawe, hata kama ndo iko kwenye mabango yote, anza na Lugalo.

Lugalo iko barabara ya Dar, kama km 20 na kitu kutoka mjini. Ukitoka mjini unashuka kwanza mlima wa Ipogolo, na hapo breki lazima ziwe nzima kabisa maana ule mteremko una kona na chini unaingia moja kwa moja kwenye TANZAM, barabara ya malori ya Zambia na Kongo. Malori hayo sio ya kuchezea, yanakuja mawili yanapitana na wewe uko pembeni, kwahiyo toka saa kumi na mbili asubuhi kabla hayajajaa, vaa kitu chenye rangi kali, na ukisikia honi nyuma shuka kwenye changarawe bila kubishana. Sehemu hii sio ya starehe, naisema wazi ili mtu asije akamleta mtoto.

Ila ukifika utaelewa kwanini nimekupeleka. Tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambae watu walimpa jina la Nyundo, alikuwa anapita hapo na kikosi chake, askari, wapagazi na punda, wamejipanga mstari mrefu mwembamba kwasababu njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Wahehe walikuwa wamelala kwenye vichaka na nyuma ya mawe, walipoinuka walikuwa karibu mno, askari hawakupata hata nafasi ya kupanga safu, na Zelewski mwenyewe akauawa na sehemu kubwa ya kikosi ikaishia pale. Sasa wewe simama hapo na baiskeli yako uangalie pande zote mbili, miinuko, mawe, vichaka, uone jinsi mtu anavyoweza kuwa hatua chache kutoka barabarani na usimuone kabisa. Kuna mnara wa kumbukumbu wa Wajerumani waliokufa. Ni mdogo, wengi wanapita na basi kila mwezi na hawajui kama upo.

Kutoka Lugalo watu wa mazoezi huwa wanataka waendelee mpaka Ilula kwenye nyanya na vitunguu, sawa, ni kuzuri na chakula kipo. Lakini Kitonga usiguse. Ule mlima wa makona waachie malori na mabasi.

Siku nyingine ndo Kalenga, na hii kwangu ndo safari tamu kuliko zote, hata mtu mwenye baiskeli ya Phoenix isiyo na giya anaenda na kurudi mchana. Ni kama km 15 kutoka mjini kwa njia ya kwenda Ruaha. Unashuka bonde la Ruaha Mdogo, upepo wa asubuhi unakukata masikio kama ni mwezi wa sita au wa saba, yani baridi ya Iringa wanaoijua wanaijua, vaa glovu. Njiani ni mahindi, alizeti, watoto wa shule, wazee wanaokwambia kamwene na wewe unaitikia kamwene. Mzee ukimkuta kakaa barazani shuka, shikamoo yako iwe ya miguu chini, usimpungie mkono juu ya baiskeli. Utaona tofauti ya maelekezo utakayopewa.

Kalenga ndo ilikuwa Iringa yenyewe, mji wa Mkwawa wenye ukuta wa mawe. Baada ya Lugalo Wajerumani walikaa miaka mitatu wakajipanga, wakaja Oktoba 1894 na gavana wao von Schele akiwa mbele, na mizinga, tarehe 30 wakaingia ndani ya ngome. Wenyeji wanasema mizinga ilipigwa kutoka mlimani upande wa Tosamaganga, na hapa ndo raha ya baiskeli inapoonekana, kwasababu kuna njia za vumbi za vijijini kati ya Kalenga na Tosamaganga na unaweza kuupanda huo mlima mwenyewe. Panda, ukifika juu pale misheni ya wamisionari wa Consolata kutoka Italia, na lile kanisa kubwa la matofali, geuka uangalie chini. Bonde lote liko mbele yako. Ngome imara ilikuwa kule chini na mtu mwenye mzinga yuko huku juu, unaona kabisa kwamba ukuta usingesaidia kitu, na pia unaona kwanini watu wa kule chini walijiona wako salama, maana wengi waliowahi kuwashambulia kabla ya Wajerumani walikuja kwa miguu na mikuki.

Kwenye makumbusho ya Kalenga kuna fuvu la Mkwawa ndani ya kioo. Ni dogo kuliko watu wanavyolitegemea. Muongozaji atakuonyesha sehemu risasi ilipopita, na wageni wengi huwa wanaacha kuongea hapo. Safari ya hilo fuvu sasa ndo inaturudisha Ufaransa. Mkwawa alipokufa 1898 kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Vita ya Kwanza ilipoisha mataifa yakakaa Versailles, karibu na Paris, na kwenye mkataba ule wa 1919, kwenye ibara ya 246, wakaandika kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Mkataba uliopanga upya mipaka ya Ulaya una sentensi kuhusu mtu wa Kalenga! Miezi sita ikawa miaka 35. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, ndo alilifuatilia akalipata kwenye makumbusho ya mji wa Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambae baadae alikuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Mfaransa anayeendesha kupita Versailles leo anaweza asijue hilo. Sisi hatuna sababu ya kutojua.

Pale senta ya Kalenga kama una pancha wapo mafundi baiskeli chini ya mti, na napenda kuwaangalia wakifanya kazi. Anachomoa tairi kwa spana mbili bila kuitoboa tyubu, anaijaza upepo anaizamisha kwenye karai la maji anaizungusha taratibu mpaka vipovu vitoke, anaweka kidole hapo hapo anafuta, anakwaruza na msasa, anapaka gundi, anaipulizia mdomo, anasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndo unamjua fundi. Asiyesubiri gundi ikauke kidogo kiraka chake kitaachia kabla hujamaliza kupanda kurudi mjini. Hela yenyewe wanayotoza ni ndogo mno kwa kazi ile, ongeza kitu.

Huko kwenye Loire wana mpango unaitwa Accueil Vélo, nyumba za wageni na migahawa iliyo ndani ya km 5 kutoka kwenye njia inawekewa alama, ukiona alama unajua hapa baiskeli yako ina sehemu salama ya kulala na vifaa vya kutengenezea vipo. Kiangazi mpaka treni zinabeba baiskeli. Sasa mimi nauliza, hiki ni kitu gani cha kutushinda? Fundi yupo, mama ntilie yupo, gesti zipo, konda wa basi akielewana na wewe bei baiskeli inapanda juu. Kinachokosekana ni vibao tu. Kibao Lugalo kinachoelekeza Kalenga, kibao Kalenga kinachosema Mlambalasi ni km ngapi, kibao kule mlimani Tosamaganga kinachosema angalia chini. Halmashauri zetu mbao wanazo na rangi wanayo, hii mikoa yetu ndo inalisha nchi nzima mbao bwana.

Mlambalasi ndo ngumu. Ni kama km 50 kutoka mjini kwa njia hiyohiyo ya Ruaha, kwahiyo kwenda na kurudi kwa siku moja ni kwa waliozoea tu, wengine walale vijijini au warudi na gari. Hali ya barabara uliza kwanza maana inabadilika. Unavyozidi kwenda magharibi unashuka, joto linapanda, miti inakuwa mifupi na ya miiba, na nyumba zinapungua mpaka unajikuta uko wewe na sauti ya cheni yako. Na hapo sasa miaka minne ile inaanza kuingia akilini. Baada ya Kalenga kuanguka Mkwawa hakujisalimisha, alipigana vita ya msituni tangu 1894 mpaka 1898, Wajerumani wakajenga kituo chao pale mjini ilipo Iringa ya sasa mwaka 1896, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayempata, na bado hawakumpata hai. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezungukwa, akajimaliza mwenyewe. Ukiwa umekuja kwa gari utasema kumbe alijificha hapa. Ukiwa umekuja kwa baiskeli, koo limekauka, umepita vilima vile kimoja kimoja, unajiuliza alikuwa anakula nini, nani alikuwa anamletea maji, ni watu wangapi walijua alipo na wakakaa kimya na rupia 5,000 zipo mezani. Mimi hilo la kukaa kimya ndo naliheshimu kuliko hata Lugalo.

Kaburi lake liko hapo, mwili bila kichwa, fuvu liko Kalenga. Juu kidogo kwenye mawe kuna pango ambalo wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Alberta cha Canada, wamechimba wakakuta zana za mawe na mifupa ya watu wa kale sana, kwahiyo Mkwawa hakuwa wa kwanza kukimbilia kwenye mawe yale.

Isimila ifanye mwisho, kama ya kupumzika, iko barabara ya Mbeya kama km 20. Nguzo za udongo ni nzuri mno jua likiwa limelala, saa kumi na moja jioni hivi, ila kinachonishika mimi ni shoka za mawe, zimechongwa pande zote mbili, nzito, ukiishika inakaa kiganjani yenyewe, na umri wake ni zaidi ya miaka laki mbili. Muongozaji anaruhusu kushika, kuondoka nayo hapana.

Vitu vya kubeba: tyubu moja ya akiba, pampu, gundi na viraka, spana, maji lita tatu kwa Mlambalasi na usipunguze, hela ndogondogo za viingilio na chai. Msimu ni Juni mpaka Septemba. Masika udongo mwekundu unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu halizunguki, japo masika ndo kuna ulanzi, ile pombe ya mianzi, sasa hapo chagua mwenyewe, na ukiuchagua lala hukohuko usiendeshe.

Mwezi wa saba kuna wenzangu tunataka kwenda Mlambalasi ifikie tarehe 19 tukiwa pale. Tunatoka Kalenga alfajiri. Anayetaka aseme mapema tujue kama tunatafuta Noah ya kubeba maji, na aje akiwa amebadilisha raba za breki.