Kubadilisha dashibodi ya Triumph TR6: ubao mpya, nyaya za zamani

Nilipoichukua TR6 yangu ya 1971, injini haikuwa na shida na bodi ilikuwa imenyooka, ila ukifungua mlango unakutana na dashibodi ya aibu. Vanishi ilikuwa imepasuka na kubanduka kama magamba ya samaki. Upande wa juu, karibu na kioo cha mbele, maji ya mvua yalishapenya chini ya mpira kwa miaka mingi na plaiwudi ikafura. Pale kwenye choki (kitufe cha kuvuta unapowasha injini ikiwa baridi) matabaka ya mbao yalishaachana kabisa. Ukivuta kitufe, ubao unakuja nacho kwanza ndipo choki yenyewe ianze kuvutika.

Kwa asiyeijua, TR6 ni gari la spoti la wazi, la viti viwili, lenye injini ya silinda sita ya lita 2.5, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1968 hadi 1976. Sura ya mbele na ya nyuma ilichorwa upya na Karmann ya Ujerumani, lakini sehemu ya kati ilibaki karibu ileile ya TR5 iliyoitangulia: milango, fremu ya kioo, na ndani dashibodi bapa ya plaiwudi iliyovikwa ngozi nyembamba ya mti wa mjozi. Geji kubwa mbili mbele ya dereva, ndogo nne katikati. Ubao huo ndio unaoonekana kuliko kitu kingine chochote ukiwa umekaa ndani, kwa hiyo ukichoka, gari zima linaonekana limechoka.

Kila aliyesikia nataka kuubadilisha aliniuliza ubao nimeupata wapi. Hakuna aliyeuliza habari za nyaya. Baada ya kuimaliza kazi hii nasema ubao ni robo yake. Robo tatu ziko nyuma ya ubao.

Hata hivyo ubao una maamuzi yake. Kama tatizo lako ni vanishi tu, ikwangue, piga msasa taratibu, paka upya. Ila ile ngozi ya mjozi haifiki hata milimita moja, na msasa ukizidi kidogo plaiwudi inatokeza, na hapo hakuna kurudi. Plaiwudi ikishafura kama yangu, usijisumbue kuifufua. Nunua mpya.

Ukinunua, usiagize kwa jina la gari peke yake. TR6 za mwanzo zina amita (geji ya mkondo wa umeme), za kuanzia modeli ya 1973 zina voltimita (geji ya volti), na matundu ya swichi hayafanani miaka yote. Kuna pia za usukani wa kulia na za kushoto, ambazo ni kinyume kwa kinyume. Namba ya chesisi ndiyo inayomaliza ubishi. Kisha kuna suala la mng'ao. Dashibodi nyingi zinazouzwa leo zimepakwa vanishi mpaka unajiona sura, ilhali kiwandani TR6 ilitoka na vanishi iliyofifia. Mimi si mtu wa kushikilia uasilia kwa ajili ya uasilia, lakini hapa kiwanda kilikuwa na akili: gari linaendeshwa wazi, jua linaipiga dashibodi moja kwa moja, na ubao unaong'aa unakurudishia mwanga wote machoni. Nikachukua uliofifia, pamoja na mfuniko wa kibweta (kisanduku cha vitu vidogo mbele ya abiria) uliokatwa kwenye ngozi ileile ya mjozi. Mfuniko ukinunuliwa peke yake, mistari ya mti haikutani na ya ubao, na jicho linaliona hilo kila siku.

Kabla ya skrubu ya kwanza, fungua waya wa hasi kwenye betri. Kwenye gari lenye amita hili si suala la mazoea tu. Karibu umeme wote, ukiacha wa stata, unapita ndani ya geji hiyo kwa nyaya nene za kahawia zisizo na fyuzi, na nyaya hizo zina moto, yaani umeme, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Nati ya amita ikigusa chuma, hakuna fyuzi ya kukatika. Kitakachokatika ni waya wenyewe, kwa kuungua, na wewe umelala chini yake.

Na kulala ndiyo staili ya kazi hii: chali, kichwa kwenye pedeli, miguu inaning'inia nje. Nilitoa kiti cha dereva na usukani. Si lazima, lakini mgongo ulishukuru. Mdogo wangu nilimpa kamera. Nilimtaka apige kila kona kabla sijagusa waya, kisha apige tena kwa ubavu.

"Kaka, hii si nimeshapiga?"

"Piga tena, mdogo wangu. Tochi ilikuwa upande ule."

Picha peke yake hazitoshi. Kila waya niliufunga tepu ya karatasi na kuandika mambo mawili: unakoingia, na rangi yake. Rangi kwa sababu baada ya nusu karne ya joto na vumbi, zambarau na kahawia zinafanana, na utazitofautisha vizuri pale tu waya unapotoka kwenye ala yake, mahali ambapo jua halikufika.

Vitufe vya swichi vilinichekesha. Mtu asiyejua atavizungusha hadi avivunje. Chini ya shingo ya kila kitufe kuna kitundu kidogo ambacho usipokipapasa hukioni, na ndani yake kuna kipini kinachosukumwa na springi. Nilichukua sindano ya kushonea, nikaipunguza ncha, nikaiingiza, nikabonyeza huku navuta kwa mkono mwingine. Kitufe kikatoka bila ubishi. Baada ya hapo unafungua pete inayoishika swichi kwenye ubao, na swichi inarudi nyuma ikiwa na nyaya zake zote, bila kuchomoa hata mmoja.

Geji zinashikwa kwa nyuma na vidaraja vya chuma na nati za kufungua kwa vidole. Spidomita ina kebo yake kutoka kwenye giaboksi, na geji ya mizunguko ya injini nayo ni ya kebo, inayotoka kwenye distributa (kigawanya umeme wa plagi). Angalia kebo zilivyopinda kabla hujazitoa. Zikirudishwa na kona kali, mshale utachezacheza na utaanza kuitilia shaka geji isiyo na kosa. Geji ya presha ya oili siyo ya umeme. Ni oili yenyewe ya injini inayopanda kwa kibomba hadi nyuma ya geji, kwa hiyo weka tambara chini kabla hujalegeza nati, na chunga ile pete ndogo ya ngozi ya mnyama ya kuzuia uvujaji, iliyo ndani ya kiungo. Mimi niliweka mpya. Ikivuja, oili inashukia kwenye suruali yako ukiwa barabarani.

Ubao ulipotoka, ndipo nikakutana na gari lenyewe.

Kuna utani wa zamani kwa wapenzi wa magari ya Kiingereza kwamba Joseph Lucas, ambaye kampuni yake ya Birmingham ilitengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, ndiye Mfalme wa Giza. Mimi namtetea. Mpangilio wake wa rangi unasomeka vizuri ukishaushika. Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri. Nyeupe ni moto unaokuja ukiwasha ufunguo, na ukishapita kwenye fyuzi unakuwa kijani. Zambarau una moto wakati wote, lakini una fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, nyeusi ni hasi inayokwenda kwenye bodi. Waya wenye rangi mbili unakuambia umetoka wapi na unahudumia nini.

Giza liliingizwa na waliofuata. Nyuma ya dashibodi yangu kulikuwa na nyaya za redio iliyokwishaondoka, zimekatwa na kuachwa zinaning'inia. Kulikuwa na waya mwekundu, wa dukani, usio kwenye mchoro wowote, umesokotwa kwenye kahawia na kufungwa tepu iliyogeuka gundi. Niliufuata kwa vidole hadi kwenye feni ya ziada ya rejeta: bila fyuzi, bila rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), unachota moja kwa moja kwenye betri kupitia amita. Ningebadilisha ubao tu na kufunga, ningekuwa nimeipamba nyumba yenye moto kwenye dari. Kila waya ambao haukuwa kwenye mchoro na haukufika popote niliutoa. Feni niliipa rilei na fyuzi yake mbele, karibu na betri. Hapo ndipo muda mwingi ulipokwenda, na sijutii.

Ubao mpya usiukimbize garini. Uweke mezani kwanza, jaribu kila geji kwenye tundu lake. Vanishi huwa inajijenga ndani ya matundu na kuyabana. Nilifunga msasa kwenye kipande cha bomba nikasugua, kila mara nikisukuma kutoka upande wa mbele kwenda nyuma. Ukivuta kinyume unainyanyua ngozi ya mjozi ukingoni. Kisha nilipaka vanishi nyuma ya ubao, kingo zote na ndani ya matundu, kwa sababu mbao mbichi inayofichwa huko ndiyo inayokunywa maji. Na mpira wa kioo niliubadilisha kabla ya yote, la sivyo ningekuwa naununulia unyevu ubao mpya.

Jambo ambalo wanaotoka kwenye magari ya dashibodi za chuma husahau: mbao haipitishi umeme. Kila geji na kila taa yake inahitaji waya mweusi unaoruka kutoka geji hadi geji na kuishia kwenye bodi. Ukiona taa za geji zinafifia zote kwa pamoja, au mishale inahama ukiwasha indiketa, fuata waya mweusi kabla hujalaumu kitu kingine. Nilisafisha kila kiungo cha hasi mpaka shaba ikang'aa.

Viko vitu viwili vidogo ambavyo nisingevirudisha bila kuvipima. Kimoja ni kistabilaiza cha volti, kikopo cha bati kinachoishusha volti ya betri hadi wastani wa 10 kwa ajili ya geji ya mafuta na ya joto. Kikiharibika, au kikikosa hasi, geji zote mbili zinadanganya kwa pamoja: tangi linaonekana limejaa na injini inaonekana inachemka. Cha pili ni balbu ya taa ya kuchaji. Watu huidhania taa ya onyo tu, kumbe umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta, mashine inayochaji betri. Ikiwa imeungua, au umesahau kuirudisha, altaneta nzima inaweza kukaa tu bila kuchaji, na utahangaika nayo bure. Balbu zote niliweka mpya wakati zilipokuwa zinafikika kwa mkono.

Siku ya kuwasha sikurudisha waya wa betri moja kwa moja. Nilipachika balbu ya wati 21 kati ya nguzo ya hasi na waya wake, milango imefungwa, kila swichi imezimwa. Ikiwaka kwa nguvu, kuna mahali moto unagusa bodi, na balbu itaubeba umeme huo badala ya nyaya zako. Haikuwaka. Nikafunga waya, nikajaribu swichi mojamoja, kisha injini. Mshale wa oili ulipanda, nikaingiza mkono nyuma kupapasa kile kiungo: kikavu.

Kilichobaki ni mfuniko wa kibweta, ambao siku za joto unabana kwenye kona ya chini. Fundi seremala mmoja aliniambia nisiuguse kwa msasa mpaka mbao itulie kwanza. Kwa sasa naufungua kwa kuugonga kidogo kwa kiganja.